Mwaka unaisha Anti, nianzie wapi? Maswali yenu ya Desemba

Meseji za mwezi huu karibu zote zimeelekea upande mmoja. Mwaka unaisha, watu wanajiuliza wamefanya nini, kuna wenye hasira na nafsi zao, kuna wanaoogopa hata kugeuka nyuma kuangalia, na kuna waliochoka tu. Nimechukua sita. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa kirefu maana zimebeba za wengi, nyingine fupi fupi.

Anti shikamoo. Nina watoto watatu, niko Tabata, asubuhi nauza vitafunio na jioni nina kibanda cha chipsi. Kila tarehe 31 nikiwa kwenye mkesha kanisani naandika malengo, mwaka jana yalikua kumi na moja: kununua kiwanja, kupungua, kusali zaidi, kuacha kukopa, kumpeleka mama hospitali akaangaliwe macho, yani vitu vingi. Ikifika mwezi wa pili hata karatasi sijui iko wapi. Mwaka huu nimeamua siandiki kitu. Niko sawa?

Marahaba mama. Kuchoka na karatasi ya namna hiyo uko sawa kabisa, ila kuacha kuandika hapana.

Angalia ulichoniandikia. Kumpeleka mama macho ni kazi ya siku moja, sio lengo la mwaka, inataka tarehe, nauli na mtu wa kukushikia kibanda siku hiyo, basi. Itoe kwenye karatasi, ukimaliza kusoma hapa piga simu kwa mdogo wako au jirani umuulize ni lini anaweza. Kiwanja ni hela, na hela ina hesabu yake. Kupungua ni matokeo, huwezi kuamka asubuhi ukasema leo nafanya kupungua, unachoweza kufanya ni kutembea toka kituoni badala ya bodaboda, au kuacha ile soda ya saa kumi. Kusali zaidi, zaidi ya nini, na saa ngapi? Ukishachanganya vitu vya aina nne kwenye karatasi moja, tena usiku wa manane kwaya inaimba na moyo umejaa, kesho yake hujui uanze na kipi, na asiyejua aanze na kipi haanzi.

Nguvu unazo mama, anayeamka saa tisa usiku kukanda unga hawezi kuambiwa hana nguvu. Unachokosa ni daftari. Nadhani uko kwenye kikoba, maana wamama wengi wa biashara wako kwenye vikoba. Siku ya kuvunja mnafanyaje? Hamkai kuulizana kila mtu anajisikiaje. Sanduku linawekwa katikati, wale watatu wenye funguo wanafungua kufuli zao moja moja, katibu anasoma, huyu hisa zake kadhaa, huyu mkopo umebaki kiasi fulani, huyu ana faini za kuchelewa, mfuko wa jamii umetoka kwa wagonjwa na misiba hii na hii, ndo hela inahesabiwa mbele za watu, na mkishamaliza hapo ndo mnaanza kubishana mwakani hisa iwe bei gani. Sasa mwaka wako wewe unaupangia bila daftari kusomwa.

Kwaiyo kwenye hilo la kuacha kukopa, ambalo kwangu ndo zito kuliko yote kwenye karatasi yako na ndo linaloweza kukupeleka kwenye kiwanja, usianze na "sitakopa". Jiulize kwanza mwaka huu nilikopa lini na kwa ajili ya nini. Pitia meseji za simu, zipo zote. Nabahatisha tu, ila Januari itakuwepo, maana elimu bila ada haikununulii sare wala viatu wala madaftari, na itakuwepo siku mafuta ya kupikia yalipopanda mtaji wa dumu ukapungua. Ukikuta ni hizo mbili basi nia yako ya mwakani inakua ndogo na ina saa yake: nikishafunga kibanda jioni, kabla sijapita dukani, natuma elfu mbili kwenye akiba ya sare. Moja hiyo. Usiiongezee mwenzake mpaka imekaa.

Hii namna ya "nikishafanya hiki nafanya kile" imechunguzwa na watu wa saikolojia. Mjerumani Peter Gollwitzer na mwenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti ambao wanafunzi walitakiwa waandike jinsi walivyotumia mkesha wa Krismasi, na waandike ndani ya saa 48 baada ya mkesha wenyewe, yani wakati kila mtu yuko kwao anakula sikukuu. Wengine waliambiwa waseme mapema watakaa wapi na saa ngapi kuandika, wengine hawakuambiwa kitu. Waliotaja mahali na saa walitimiza robo tatu hivi, wasiotaja theluthi moja tu. Na wote walishakubali kuandika, kazi ilikua ile ile.

Alafu hilo la mwezi wa pili. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafatilia watu 96 waliokua wanajenga tabia moja moja, mfano kunywa maji wakati wa chakula au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani ilichukua siku kama 66 mpaka jambo lije lenyewe bila kujilazimisha, ila kuna aliyekadiriwa siku 18 na kuna aliyekadiriwa 254, watu hatufanani. Hesabu mwenyewe, ukianza 1 Januari siku ya 66 inaangukia wiki ya kwanza ya Machi, na we unajitangaza umeshindwa Februari. Kitu kingine walichokiona ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwaiyo siku mvua imekunyeshea hujauza hata sahani, usitume hiyo elfu mbili, kesho yake endelea.

Anti mambo. Niko Mwanza, miaka 27. Mwezi wa sita kampuni ilipunguza watu na mimi nikawemo, tangu hapo naishi kwa dada nafanya vibarua. Washkaji kwenye magrupu wanaposti mwaka wao, magari, harusi, mahafali. Mimi nikiangalia nyuma naona sifuri. Kuna faida gani mtu kama mimi kutafakari mwaka?

Poa mdogo wangu, na pole, kupoteza kazi katikati ya mwaka ukarudi kukaa kwa dada ukiwa na miaka 27 sio jambo dogo na sitaki kukupaka mafuta.

Ila hiyo sifuri siiamini, na nakwambia kwanini. Kumbukumbu ya binadamu haihifadhi mwaka wote, inashika pale palipouma zaidi na pale palipoishia, katikati inaacha. Daniel Kahneman, yule aliyekuja kupewa Nobel ya uchumi 2002, mwaka 1993 yeye na wenzake waliwaambia watu waweke mkono kwenye maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Alafu mkono mwingine sekunde 60 zile zile na baridi ile ile, ila wakaongezewa sekunde 30 juu yake maji yakipanda taratibu mpaka nyuzi 15, bado yanauma ila kidogo pungufu. Walipoulizwa mnataka kurudia ipi, wengi wakachagua ile ndefu! Wamechagua maumivu mengi zaidi kwasababu tu mwisho wake ulikua afadhali. Sasa we mwaka wako umeumia Juni na unaishia kwenye kochi la dada, kichwa kimeshapiga hesabu yake kimefunga, na miezi mingine kumi haijaulizwa hata swali moja.

Fanya hivi, na uifanye mchana sio usiku, na magrupu yale uyazimishe sauti mpaka tarehe tano hivi. Chukua karatasi kubwa, andika miezi 12 kushuka chini. Fungua picha kwenye simu nenda mpaka Januari, uje taratibu, kila mwezi andika kilichotokea tu, usiandike ulivyojiona. Ukimaliza picha fungua meseji za miamala, zile za M-Pesa na Airtel Money ambazo huwa hatufuti, hizo zinajua mwaka wako kuliko wewe. Utakuta Februari ulimtumia mtu elfu ishirini alipouguliwa na mtoto. Utakuta Machi ulilipa kodi ya miezi mitatu kwa jasho lako. Utakuta Agosti, mwezi ambao kichwani umeuandika sifuri, kuna elfu kumi na tano imeingia toka kwa fundi uliyemsaidia kupaka rangi, na wiki mbili mbele ameingiza tena, maana yake alikurudia. Hiyo iandike vizuri, "alinirudia", maana mtu hamrudii kibarua asiyeaminika. Na vya kuuma viandike pia, Juni usiiruke, andika tarehe waliyokuita ofisini, andika nani alikupigia siku ile na nani hakukupigia.

Ukishamaliza, ndo uangalie kitu kimoja: wapi kwenye karatasi hiyo ulikua unafanya kazi na muda ukapita bila kuuhisi. Mimi nategemea utaona njia ya mwakani ikianzia humo, kwenye hivo vibarua, kuliko kwenye kutuma CV hamsini kwa watu wasiokujua. Nia yako ya Januari inaweza kua ndogo tu kwamba kila Jumatatu asubuhi nikishanywa chai nawapigia watu wawili niliowahi kuwafanyia kazi kuwauliza kama kuna kitu. Kupata ajira haiko mikononi mwako, iko kwa bosi ambaye hujakutana nae, kwaiyo usiiandike kama lengo ukaja kujipiga nayo mwakani. Kupiga simu mbili iko mikononi mwako.

La mwisho kwako, na naomba ulichukulie serious. Kama usingizi umekata wiki na wiki, chakula hakipiti, au mawazo ya kwamba bora usingekuwepo yanakuja, acha karatasi, mwambie dada leo hii, na nendeni hospitali, hapo hapo Mwanza Bugando wanaona wagonjwa wa afya ya akili. Sio aibu, na usisubiri sikukuu ziishe.

Anti, mama yangu alifariki mwezi wa nne. Ndugu wananiambia mwaka mpya mambo mapya, huzuni niiache mwaka huu. Tunaenda Moshi Krismasi kama kila mwaka na sijui ntafanyaje.

Pole sana mwanangu. Huzuni haina tarehe ya kuisha, na hudaiwi na mtu yeyote kuimaliza tarehe 31. Wanaokwambia hivo wengi wanakupenda, wanaogopa kukuona unalia, wajibu kwa upole "asante" uendelee na yako.

Malengo ya mwaka ruka kabisa safari hii, mwaka unaofiwa na mama hauhitaji malengo. Ila kuna vitu vya kuamua kabla hujapanda basi, maana ukiviacha vitakukuta jikoni umeshika mwiko. Kile chakula ambacho ni yeye tu alikua anakipika, mwaka huu nani anapika, au mnakiacha? Kaburi liko pale pale kihambani, shambani kwenu nyumbani, utaliona kila ukifungua mlango, kwaiyo afadhali mpange na wadogo zako siku ya kwenda pamoja kupalilia na kurekebisha maua na masale, mapema kabla wageni hawajajaa, msisubiri kila mtu aende kulia kivyake. Na usiku wa kuamkia mwaka mpya kama hujisikii kushangilia lala. Mwaka utaingia tu.

Assalaam aleikum Anti. Mie mtu wa Makunduchi, Unguja, naishi mjini. Ofisini wenzangu kila Desemba wanakaa kuandika malengo, mie naona ni mambo ya watu, mwaka wetu sie tushauoga Julai na Muharram nayo ishapita. Nifanye nisifanye?

Waaleikum salaam. Hulazimiki hata kidogo, na hoja yako ina nguvu. 1 Januari ni makubaliano ya kalenda tu, Waingereza wenyewe mpaka 1751 mwaka wao kisheria ulikua unaanza 25 Machi, Waethiopia mwaka wao unaanza Septemba mpaka leo, na serikali zetu Tanzania na Kenya zinafunga hesabu za mwaka wa fedha mwisho wa Juni. Kwaiyo usijione uko nyuma ya mtu.

Tena nyie Makunduchi mna kitu ambacho wenzako wa ofisini wangekipata wangefaidi. Mwaka Kogwa, huo mwaka mpya wenu wa Julai, watu wanauona kama tamasha la watalii, ila angalia kinachofanyika: kibanda cha makuti kinatiwa moto, wanaume wanashika migomba wanatandikana wenye kinyongo wakimalizana hapo hapo, wanawake wanaimba na kusema yao, mnakwenda kuoga, alafu mnakula pamoja na mgeni hafukuzwi. Yani kabla ya kupanga ya mbele mnaanza kwa kumaliza ugomvi wa nyuma! Nani kwenye malengo yake ya Januari anaandika "nimalizane na fulani"? Mimi sijawahi kuletewa swali hilo hapa, na nadhani lingekua la kwanza kwa watu wengi.

Na kama ni dini, kujihesabu nafsi unakujua kuliko mimi, muhasaba ni wa kila siku, hausubiri Desemba wala Muharram. Siku wenzako wakikaa na makaratasi yao we kaa nao, wasimulie ya kwenu.

Anti za kazi. Mimi niko Dodoma. Kila mtu anasema kaa kimya utafakari, nikikaa dakika tano akili inakimbia kwenye madeni na kazi za kesho. Nakosea wapi?

Nzuri. Hukosei, akili ya kila mtu inakimbia, hata ya anayefundisha wenzake kutulia. Zoezi lenyewe ndo kugundua imekimbia ukairudisha bila kujigombeza, ikikimbia mara thelathini irudishe mara thelathini. Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa hii ya kutuliza akili, alipoanza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, ilikua ni kozi ya wiki kumi, baadaye ikawa nane, na vitu walivyofanya vingi ni vya kawaida kabisa, kusikiliza pumzi inavyoingia na kutoka, kutembea taratibu, kula zabibu moja kavu kwa kuitafuna polepole.

Kama kukaa hakukupi, tumia kazi ya mikono. Chambua mchele simu ikiwa chumba kingine. Shika punje, angalia jiwe liko wapi, sikia ungo unavyolia, na deni likija kichwani liambie nimekuona, rudi kwenye mchele. Ukimaliza kilo ndo uchukue kalamu, utashangaa unaandika nini. Na kama deni ndo linarudi kila dakika basi nalo limekwambia kitu, liandike la kwanza, kiasi, anaekudai ni nani, na tarehe ya kwenda kuongea nae.

Anti, mimi na mume wangu kila tukikaa kuongelea mwaka tunagombana. Yeye anataka hesabu za hela, mimi nataka tuongelee tulivyoishi. Tuko Morogoro, ndoa ina miaka sita. Na tukiandika, karatasi tunaiweka wapi maana zinapotea?

Mnachanganya vikao viwili mama, gaweni. Cha kwanza ongeleeni mlivyoishi, bila kalamu, mkiwa mmetoka, hata kama ni kukaa mahali mnakunywa soda milima ya Uluguru ikiwa mbele yenu, na kila mmoja aanze kumtajia mwenzie kitu alichofanya mwaka huu kikamsaidia, kitu chenye siku yake, "ile wiki nimelazwa uliwaogesha watoto", sio "we ni mume mzuri". Mtu akishasikia alionekana, ile hasira ya kujitetea inashuka. Cha pili siku nyingine, hela, mkiwa na risiti mezani na watoto wamelala, na mkifanye kabla ya tarehe 20 Desemba, maana mkisubiri Januari mtakua mnaongea huku nauli, sikukuu na sare zimeshakula kila kitu na mtaishia kutafuta mwenye makosa.

Kwenye hicho cha pili mwache mume wako aongoze, ndo lugha yake. Ila we omba kitu kimoja kiingie kwenye bajeti chenye jina lako, hata elfu kumi kwa mwezi ambayo huulizwi.

Karatasi iandikeni ndogo, nia mbili au tatu sio zaidi, ibandikeni ndani ya mlango wa kabati la nguo ambapo mnafungua kila siku na mgeni haoni, na kila mmoja aipige picha kwenye simu. Juu yake andikeni tarehe ya kuirudia. Mimi ningeshauri Jumapili ya mwisho ya Machi, mkutane tena pale pale mlipokunywa soda, na siku hiyo ruksa kufuta kitu ambacho mmeona hakiwafai.